Jeti ya Mlimani

Mwaka nilioanza masomo ya jioni nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Wanafunzi wenzangu walikuwa kumi na mmoja, wote wa umri wa watoto wangu. Darasa lilikuwa la ufundi wa pikipiki, hapa Same mjini, Jumatatu hadi Alhamisi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimetengeneza pikipiki chini ya banda la mabati nyuma ya nyumba yangu kwa kusikiliza tu, kama mzazi anavyotambua kikohozi cha mwanawe, lakini sababu za mambo sikuzijua. Shule niliishia darasa la tano. Kabla ya kujiandikisha niliomba miaka miwili. Nilimwomba Mungu anipe akili ya kuelewa, na anipe moyo wa kuvumilia kuchekwa.

Kuchekwa kulianza siku ile ile ya kwanza ya masomo. Vijana wa bodaboda pale stendi waliniona nikipita na daftari kwapani, na kabla sijavuka barabara nilikuwa nimeshapewa jina.

"Mzee Daftari!" aliita Anderson, kijana anayejulikana kwa kupanda milima kuliko wote pale. "Leo mmefika herufi gani?"

"Tumefika plagi," nikamjibu.

"Basi ukifika breki utuambie, tukupishe njia!"

Walicheka, nami nikacheka kidogo, nikaenda zangu.

Mwalimu wetu aliitwa Muhidin, mtu wa Hedaru, miaka thelathini na minne. Kila jioni aliniamkia shikamoo kabla ya kuanza kunifundisha, nami niliitikia marahaba, mwalimu, kisha tukabadilishana heshima na mimi nikawa mwanafunzi. Alikuwa na sheria moja aliyoisisitiza: ulichojifunza leo, kamfundishe mtu nyumbani kabla hujalala, la sivyo kesho utakuwa umekiacha darasani. Mimi nilimfundisha Shukrani.

Shukrani ni binti yangu wa pili. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na tatu, na pikipiki aliiendesha vizuri kuliko mimi. Aliteremsha tangawizi kutoka shamba letu la Vurenge, kule juu mlimani, mpaka sokoni Same, kwa njia ambayo magari huishia nusu yake. Lakini kazi ya abiria hakuipata. Watu walikuwa wakimfikia pale stendi, wanaona ni msichana, wanampita. Tulikuwa tumekubaliana, yeye na mimi na mama yake, kwamba asipopata kazi ya kueleweka kufikia mwezi wa saba, ataenda Moshi kushona nguo kwenye duka la mama yake mdogo. Alikubali bila kubisha. Ila tangu siku hiyo nilimwona akiifuta pikipiki taratibu zaidi, hata mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Mwezi wa tano zahanati ya Vurenge ikatangaza kwamba inatafuta mtu wa pikipiki. Kazi ni kuchukua chanjo Same kila wiki na kuzipandisha mlimani. Mara mbili mwaka uliotangulia chupa zilikuwa zimefika zimepasuka, kwa sababu mita mia za mwisho kabla ya zahanati ni mawe matupu yaliyopangana kama ngazi. Watu wanapaita Ngazini. Nesi Prisca, anayeiongoza zahanati hiyo, hakutaka barua za maombi wala mtu wa kujuana naye. Alitaka mtihani.

Mtihani wenyewe aliutunga hivi. Kila mpandaji ataondoka Same na kasha la chanjo la aina moja na la wenzake limefungwa nyuma, ndani yake kukiwa na trei ya mayai thelathini. Atapewa dakika tisini kufika zahanati. Akiwa Ngazini, kila mguu wake ukigusa chini ni alama moja. Kila yai litakalopasuka ni alama mbili. Mwenye alama chache ndiye atakayepewa kazi. Na njiani hakuna mtu wa kugusa pikipiki yake wala kumwelekeza neno, maana siku ya kazi atakuwa peke yake.

"Baba," Shukrani aliniambia siku tuliposoma tangazo, "naomba tuitengeneze."

Tulikuwa na wiki tatu.

Pikipiki yetu ilikuwa ya Kichina, ya mkono wa pili, tangi limebonyea upande mmoja. Haikutengenezwa kwa ajili ya kucheza na mawe. Nikabadilisha sproketi ya nyuma nikaweka yenye meno mengi, ili pikipiki iweze kutembea pole pole kama mtu mzima bila kuzimika. Nikapunguza upepo wa tairi mpaka likawa linabonyea chini ya kidole, lilale juu ya jiwe badala ya kuruka. Nikalegeza shokapu za nyuma kwa ajili ya mayai. Nikatoa waya wa mafuta, nikaudondoshea oili tone kwa tone usiku kucha ukiwa umening'inia kwenye msumari, ukawa laini kama uzi.

Shukrani naye alifanya mazoezi nyuma ya nyumba. Tulipanga mawe, akapanda juu yake akiwa amesimama wima kwenye vikanyagio, anakwenda, anasimama kabisa, anahesabu mpaka ishirini bila kuweka mguu chini, kisha anakwenda tena. Jirani zetu walileta viti.

Jambo moja sikulifanya. Nilimfundisha Shukrani kila kitu nilichojifunza, lakini nilimfundisha kwa mdomo. Spana nilishika mimi. Nilizifurahia mno sababu zangu mpya, nikataka mikono yangu izijue kwanza.

Ijumaa ya mwisho ilibaki kazi ya kupima petroli. Katika kabureta, panapochanganyika petroli na hewa, kuna kitu kinaitwa jeti. Ni kipande cha shaba, kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye tundu katikati, na petroli yote inayokwenda kwenye injini hupita katika tundu hilo. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba plagi ndiyo inayokuambia kama tundu linafaa. Ikitoka nyeusi, petroli ni nyingi. Ikitoka nyeupe, petroli ni chache na injini itaungua. Rangi njema ni kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea.

Aliniazima kopo lake la jeti za namba mbalimbali, kila namba na ukubwa wa tundu lake. Nilibadilisha mara nne. Kila mara niliendesha mpaka barabara ya lami, nikazima, nikafungua plagi, nikaitazama, nikarudi. Sisi ni Wasabato, na jua likishazama Ijumaa spana zinalala mpaka Jumamosi jua lizame. Kwa hiyo nilikuwa nikiangalia plagi kwa jicho moja na milima ya magharibi kwa jicho la pili. Saa kumi na mbili kasoro robo plagi ikatoka kahawia safi.

"Shukrani, njoo uone."

Akainama akaitazama. "Baba, hiyo mtu anaweza kuinywa."

Nilimrudishia mwalimu kopo lake kwa mbio, kama nilivyoahidi, nikarudi nikanawa mikono, tukaimba, tukaipokea Sabato. Nililala nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Same.

Chakula cha Sabato hupikwa Ijumaa. Jumamosi tulipotoka kanisani tulikula makande ya mahindi na maharage. Mke wangu Jesca alikuwa ameshuka siku mbili nyuma kutoka Vurenge, alikokaa mwezi mzima akivuna tangawizi. Alipofunua sufuria akasikitika.

"Yamerojeka," alisema. "Nimesahau niko huku chini. Nimeyaacha jikoni muda ule ule wa kule juu."

"Ni matamu hivyo hivyo, mama," Shukrani akasema.

Mimi nilikuwa nimeinua kijiko. Nikakirudisha kwenye sahani.

Kila mtu wa kwetu anajua kwamba mlimani maharage huchelewa kuiva. Mama yangu aliongeza kuni, na mama yake aliongeza kuni, na hakuna aliyeuliza. Lakini mimi nilikuwa nimeuliza. Mwezi wa pili nilimuuliza mwalimu Muhidin mbele ya darasa zima, vijana wakacheka kwamba mzee ameleta jiko kwenye somo la pikipiki, na mwalimu akajibu vizuri: hewa ya mlimani ni nyepesi kuliko ya chini. Niliandika katika daftari, nikapiga mstari chini yake, nikageuza ukurasa.

"Una nini?" Jesca akaniuliza.

"Nimeipima pikipiki kwa hewa ya Same," nikasema. "Mawe yako Vurenge."

Shukrani alielewa mara moja. Kule juu hewa ingekuwa pungufu na petroli ingekuwa ile ile. Injini ingekabwa, ingekohoa, na pale Ngazini, ambapo mpandaji anahitaji kuongeza mafuta kwa unywele mmoja tu, ingezimika au ingeruka. Akasimama.

"Tuifungue sasa hivi, baba."

"Jua bado, mwanangu."

"Mungu ataelewa."

"Ataelewa, ndiyo. Lakini mimi nitakuwa nimemwambia kwamba siku yake ni nzuri mpaka nitakapokuwa na shida."

Alikaa, akaendelea kula akiwa ameinamia sahani. Mchana ule ulikuwa mrefu. Niliomba, na sitaficha: mara ya kwanza nilijikuta naomba Anderson apate pancha. Nikaikatiza sala kwa aibu. Nikaanza upya, nikaomba tu nisiwe mimi niliyemfungia binti yangu njia.

Jua lilipozama tukafunga Sabato kwa wimbo, nikapiga simu.

"Mwalimu, nimekosea."

Muhidin alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, lakini si kicheko cha stendi. "Mzee wangu, kazi umeifanya sawasawa kabisa, ila umeifanyia mahali ambapo hapana shindano. Kesho nitamletea jeti ya namba ndogo pale pa kuondokea. Ila sikiliza: asiifunge huku chini. Jua la mchana kwenye ule mpando wa kwanza, na petroli pungufu, injini itachemka kabla hajafika nusu. Aondoke na hii uliyoweka. Akifika katikati, abadilishe."

"Nani abadilishe?"

"Yeye. Wewe huruhusiwi kugusa, si ndivyo? Anajua?"

Nilimwambia anajua. Kisha nikakumbuka ni nani aliyekuwa akishika spana.

Jumapili asubuhi, mara baada ya chai, nilimkabidhi Shukrani bisibisi, nikaketi juu ya ndoo, nikaweka mikono chini ya mapaja. Akafunga koki ya petroli, akafungua skrubu za bakuli la kabureta, akatoa jeti, akairudisha. Dakika ishirini na moja. Mara ya pili akaangusha skrubu, dakika kumi na saba. Mara ya tatu, kumi na moja.

"Inatosha," nikasema.

"Haitoshi," akasema, "lakini ndiyo niliyo nayo."

Shindano lilianza saa nane mchana, baada ya Walutheri kutoka kanisani. Wapandaji walikuwa watatu: Kurwa wa Hedaru, Anderson, na Shukrani wa mwisho, wakiachana dakika kumi kumi. Muhidin alifika akiwa na kikaratasi kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na jeti. Alimpa Shukrani mbele ya wanakamati wa zahanati waliokuwepo, akawaonyesha ni nini, nao wakakubali kwamba kipuri anachobeba mwenyewe ni halali.

"Sasa huo ni mtihani au ni karakana?" Anderson akauliza.

"Wewe endesha," Shukrani akamwambia. "Mambo ya karakana tuachie sisi wenye madaftari."

Watu wakaguna, "Eee!" Anderson akatabasamu, akavaa kofia.

Hayo nilisimuliwa baadaye, maana mimi nilikuwa nimeshatangulia kwa pikapu ya mtu wa kijijini mpaka mahali ambapo magari huishia. Hapo kuna ndiva, bwawa la udongo ambalo babu zetu walichimba ili kukusanya maji ya kumwagilia mashamba ya chini. Pembeni yake, juu ya jiwe, aliketi Mama Eliwaza, mjumbe wa kamati ya zahanati, ana simu ya kuhesabia dakika na mwavuli wa kujikinga jua. Ni mwanamke niliyemfahamu tangu tukiwa watoto wa kuchunga mbuzi.

"Hezroni," alisema, "mikono yako iweke mahali ninapoiona."

"Nimeiweka, dada."

"Na mdomo?"

"Nao."

Kurwa alipita wa kwanza. Kisha Anderson akapita kama upepo, kasha likidunda nyuma yake, akanipungia mkono. "Mzee Daftari! Mwambie binti namsubiri na chai!"

Tukangoja. Kisha nikamsikia Shukrani akiwa bado mbali chini, kwenye kona za migomba. Mlio ulikuwa umeshaanza kuharibika. Ulikuwa mzito, unakatika katika, kama mtu anayejaribu kuongea huku ana chakula mdomoni. Alipotokeza niliona moshi mweusi nyuma yake. Alisimama kandokando ya ndiva, akazima, akashuka, na bila kunitazama akatoa mfuko wa vifaa.

"Dakika arobaini na tano zimetumika," Mama Eliwaza akatangaza.

Koki. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bakuli likatoka, petroli ikamwagika vidoleni mwake. Akafungua jeti ya zamani, akaitia katika mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Mpaka hapo ilikuwa dakika nne tu, na nilikuwa nimeanza kumshukuru Mungu. Akakunjua kile kikaratasi, akaichukua jeti mpya kwa vidole vilivyolowa petroli, ikateleza.

Iligonga injini, ikalia kidogo, ikarukia majanini.

Niliiona ilipokwenda. Ilipita juu ya kikanyagio cha kushoto cha pikipiki, ikalala kwenye mizizi ya mpera mdogo, hatua moja na nusu kutoka alipopiga magoti. Niliiona iking'aa.

Shukrani hakuiona. Alitazama chini mbele yake, akatazama kulia. Kisha akaniinulia macho.

"Baba."

"Hakuna maneno," Mama Eliwaza akasema, na sauti yake haikuwa na ukali.

Mimi sikusema neno. Lakini nilihisi macho yangu yakielekea kwenye ule mpera yenyewe, bila kutumwa. Shukrani ananijua. Tangu mtoto amekuwa akisoma uso wangu kabla sijafungua kinywa. Sekunde moja zaidi na angekuwa ameshaipata, na hakuna mtu yeyote Vurenge ambaye angeweza kuthibitisha kwamba nimemwonyesha.

Nikafumba macho.

Sijawahi kuomba sala ngumu kama ile. Nilitaka kusema, Bwana, mwonyeshe, nikaona kwamba hata hilo lilikuwa ni mimi ninayejaribu kunyoosha kidole kupitia mkono wa Mungu. Mwishowe nilisema tu: ni wako kabla hajawa wangu. Nikarudia hivyo hivyo, tena na tena, huku jua likinichoma kope.

Nilisikia maji ya ndiva yakichuruzika kwenye mfereji. Kisha nikasikia kofia ikiwekwa chini, na majani yakichumwa, kiganja kimoja, kingine, kingine.

"Dakika hamsini na mbili," Mama Eliwaza akasema. Na baada ya muda, kama anayejisemea: "Anachambua kama mchele."

Kweli alikuwa akichambua kama mchele. Aliniambia baadaye kwamba moyo ulikuwa ukimwambia apapase kila mahali kwa haraka, na mikono ikakataa. Alianzia pale ilipogonga injini, akaenda kwa mviringo kuelekea nje, anang'oa majani kidogo kidogo, anayatia ndani ya kofia, anayapekua kwa vidole, anayatupa nyuma yake, asirudie mahali pamoja. Kazi ambayo mama yake alimfundisha mbele ya ungo.

"Ipo," akasema.

Nilifumbua macho. Alikuwa ameishika kwa meno, anapangusa vidole kwenye suruali. Akapuliza tundu, akaiinua akachungulia jua kupitia humo, akaifunga. Bakuli. Skrubu tatu. Koki. Alipiga kiki mara moja, ikakataa. Akangoja petroli ijae. Akapiga tena.

Pikipiki iliwaka, na mlio ulikuwa mwepesi na wa mviringo, kila mpigo mahali pake. Nilikuwa sijawahi kuisikia ikilia hivyo mlimani, katika miaka yote tuliyokuwa tukisema ni mzigo unaoilemea. Shukrani aliinua kichwa, akausikiliza kwa nukta moja, akavaa kofia ikiwa bado ina majani ndani, akaondoka.

"Hamsini na tisa," Mama Eliwaza akasema. Akaandika. Kisha akaniuliza, "Uliiona ilipoanguka?"

"Tangu mwanzo."

"Nami niliiona." Akaufunga mwavuli. "Nilikaribia kukohoa, Hezroni. Mungu anisamehe. Nilikuwa nimeshavuta pumzi."

Barabara kutoka hapo inazunguka mlima, lakini kuna njia ya miguu inayokata katikati ya migomba. Niliipanda kwa miguu ya miaka hamsini na mbili, nikishika migomba ya watu, nikiomba radhi kwa sauti kila ninapopita uani mwao. Nilipofika Ngazini nilikuwa siwezi kuongea. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili. Kurwa alikuwa amechelewa, dakika zake zilikwisha akiwa kwenye kona za mwisho. Anderson alikuwa amekwisha kupanda, na watu walikuwa bado wanasimuliana: mawe yote, bila mguu kugusa chini hata mara moja. Alikuwa amekaa juu ya ukuta wa zahanati, anakula muwa.

Shukrani akatokea.

Alisimama wima, magoti yamelegea, akaliendea jiwe la kwanza kwa mwendo wa mtu anayekwenda kanisani. Tairi la mbele likalala juu ya jiwe, likapanda. Jiwe la pili. La tatu lina unyevu siku zote, maji hutoka chini yake. Gurudumu likateleza, akaweka mguu wa kushoto.

"Moja," akasema aliyekuwa akihesabu.

Injini haikukohoa. Hilo ndilo nililokuwa nasikiliza, na nilisahau kabisa kutazama. Alipotaka kidogo, ilimpa kidogo. Alipotaka kusimama kati ya mawe mawili achague njia, ilimngoja. Aligusa tena kwenye jiwe la sita, na mara ya tatu karibu na mwisho, ambapo watu wote walisema hakuwa na haja ya kugusa, alichoka tu. Alivuka kamba ya kumalizia akiwa na dakika themanini na saba.

"Tatu," wakatangaza. "Anderson, sifuri!"

Watu wakapiga makofi. Anderson aliruka kutoka ukutani akapunga muwa. Shukrani alivua kofia, majani yakamwanguka mabegani, hakuyafuta.

Nesi Prisca akaleta meza ndogo nje. Alifungua kasha la Anderson kwanza. Aliyatoa mayai moja moja, akayageuza, akayainua kwenye mwanga, hakuna aliyeruhusiwa kumharakisha. Matano yalikuwa yamepasuka, na moja kati ya hayo lilikuwa limebaki ganda tu.

"Mayai gani haya?" Anderson akalalamika. "Maganda kama karatasi!"

"Ni ya kuku wale wale waliotaga ya mwenzako," Nesi akasema. "Alama kumi."

Akafungua la Shukrani. Kumi mazima. Ishirini mazima. Mimi nilikuwa nimeshika mgomba wa mtu. Yai la ishirini na sita lilikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

"Huo ni ufa," akasema mzee mmoja wa upande wetu, "yai halijapasuka."

"Ufa kwenye chupa ya chanjo ni kupasuka," Nesi akajibu. "Mbili." Akamaliza yaliyobaki. Hayakuwa na kasoro. Akaandika, akajumlisha, akaweka kalamu. "Tatu na mbili, tano. Shukrani Hezroni, kazi ni yako. Unaanza kesho."

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka vigelegele, na Shukrani amekaa chini kabisa, pale pale kwenye vumbi, kama mtu aliyetua mzigo wa tangawizi. Nakumbuka Anderson alikuja, akalibonyeza tairi letu la mbele kwa kidole gumba, akaenda kulibonyeza la kwake. Kisha akarudi akampa Shukrani kipande cha muwa. Mayai yaliyopasuka yalikaangwa yote kwa pamoja jikoni kwa mlinzi, na kila mtu alipata kijiko.

Saa kumi na moja Nesi akafunga kasha tupu nyuma ya pikipiki yetu. Chanjo zingekuwa tayari Same saa mbili asubuhi, na kasha lilipaswa kulala huko. Nikajisogeza, nikainua mguu nipande nyuma ya binti yangu.

"Baba," akasema, "likiwapo hili kasha, abiria haruhusiwi."

Nilimtazama Nesi Prisca.

"Haruhusiwi kweli," akasema.

Kwa hiyo nikashuka kwa miguu, njia ile ile ya migombani, nikiwaomba radhi watu wale wale. Mke wa mtu mmoja akanipa maji. Nilikuwa nusu ya njia niliposikia pikipiki ikiteremka upande wa pili wa mlima, ikaenda, ikazima pale kwenye ndiva. Nilijua anafanya nini. Anarudisha jeti ya tambarare, peke yake, hakuna aliyemwambia. Nilisimama nikaanza kuhesabu dakika, kisha nikaacha kuhesabu, nikavua kofia, nikamshukuru Mungu kwa yale niliyoyaelewa mwaka ule na kwa yale ambayo bado. Nilikuwa sijafika amina pikipiki ilipowaka, kwa kiki ya kwanza, bila kukohoa, na mlio wake ukateremka kuelekea Same.